Muulize Mama Rejesho: Bajaji imeondoka, deni limebaki

Wasomaji wangu, wiki hizi barua zote zinanuka oili. Ya bajaji, ya bodaboda, ya Fuso. Ni miezi ile ya ukata kwetu Kusini: mikorosho inatoa maua, mifukoni hakuna kitu, na madalali wanazunguka na orodha zao. Kwa wageni wa ukurasa huu, nilikuwa afisa mikopo miaka 14, kwanza Lindi kisha Mtwara. Jina la Mama Rejesho nilipewa na wateja, wala hawakuwa wakinisifu. Sasa nimehamia upande wa pili wa meza, nasaidia watu kusoma karatasi walizokwisha kuzisaini.

Shikamoo Mama Rejesho. Mimi ni dereva wa bajaji, naishi Chikongola hapa Mtwara. Bajaji ni yangu, kadi ina jina langu. Nilikopa milioni 4 kwenye kampuni ya mikopo, nikaweka kadi kama dhamana. Rejesho ni 473,500 kila mwezi kwa miezi 12. Miezi saba nimelipa bila kukosa. Wa nane na wa tisa nikakwama, mke wangu alilazwa. Siku moja nipo stendi ya Mkanaledi nasubiri basi la Dar lishushe, wakaja vijana watatu. Mmoja akachomoa ufunguo, mwingine akaketi kwenye kiti changu, wakasema "tumetumwa". Karatasi hawakunionyesha. Ofisini nikapewa hesabu kwamba nadaiwa 4,027,500. Sasa nasikia bajaji inauzwa milioni 3 na nusu kwa mtu wao, na mimi nitaendelea kudaiwa. Bajaji kama ile hapa mjini haishuki milioni 6. Polisi wameniambia hayo ni madai, niende mahakamani. Je, wana haki ya kunichukulia? (Dereva, Chikongola)

Marahaba mwanangu. Pole ya mgonjwa kwanza, ya bajaji itafuata.

Umefanya jambo ambalo wengi hawalifanyi: umenitumia picha ya ile karatasi ya hesabu, ingawa imekunjwa mara nne na ina duara la kikombe cha chai. Nimeisoma na kalamu mkononi. Marejesho 12 ya 473,500 ni 5,682,000. Umeshalipa saba, yaani 3,314,500. Limebaki 2,367,500. Hapo hatubishani na mtu. Wao wanataka 4,027,500. Kwa hiyo kati ya deni lako na deni lao kuna 1,660,000 ambayo hukuikopa, hukuila, wala hukuiona. Karatasi inasema ni hivi: adhabu 620,000, gharama za kukamata 500,000, ufuatiliaji 300,000, na yadi siku 24 kwa 10,000 kila siku.

Hapo ndipo penye ugomvi wako. Wewe umeandika kurasa mbili kuhusu vijana watatu na ufunguo, ukaandika mstari mmoja kuhusu hesabu. Mimi ningegeuza.

Tuanze na riba, maana ndiyo kila mtu huilalamikia. Makampuni kama hilo lako, yanayokopesha bila kupokea amana, yako daraja la pili chini ya Sheria ya Huduma Ndogo za Fedha ya mwaka 2018, na anayeyapa leseni na kuyasimamia ni Benki Kuu. Ukomo wa riba waliowekewa ni asilimia 3.5 kwa mwezi. Kwa milioni 4 hiyo ni 140,000. Zidisha kwa miezi 12, rudisha mtaji, gawanya: unapata 473,333, na wao wameizungusha mpaka 473,500. Wamegusa dari kwa kichwa. Kama juu ya hiyo walikukata pesa ya fomu, ya bima au ya "uchakataji" kabla hujakabidhiwa chako, iandike pembeni na uiulizie, kwa sababu gharama ya mkopo ni vyote hivyo vikiwa pamoja.

Sasa hiyo 1,660,000. Kila mstari kwenye karatasi ile lazima uwe na mama yake ndani ya mkataba. Adhabu ya 620,000: kifungu gani, asilimia ngapi, imehesabiwa juu ya nini? Uliyokosa ni marejesho mawili, 947,000. Adhabu inayokaribia theluthi mbili ya pesa iliyochelewa inahitaji maelezo mazuri sana. Kukamata 500,000: risiti ya dalali iko wapi? Kutoka Mkanaledi hadi yadi yoyote ya mjini ni safari ambayo wewe mwenyewe ungembebea abiria kwa elfu chache. Na ufuatiliaji ni nini, kama kukamata kumeshalipiwa? Nikiwa kazini nilimwona meneja mmoja akiandika "ufuatiliaji" kwa mafuta ya pikipiki yake ya kwenda nyumbani. Tulikuwa tunaijua hiyo ofisi nzima.

Swali lako sasa. Je, wana haki ya kuchukua? Wanaweza kuwa nayo, ndiyo. Sitakudanganya kukufurahisha. Ukiweka chombo dhamana na mkataba ukasema ukishindwa kulipa mkopeshaji atakishika, umempa ruhusa hiyo kwa saini yako. Mikataba mingi inaongeza kwamba ukikosa rejesho moja, deni lote linaiva, hata yale marejesho matatu ambayo tarehe zake hazijafika. Ila ruhusa hiyo ina njia yake ya kupita. Kwanza notisi. Watu huchanganya na mambo ya nyumba: mwenye kuweka nyumba rehani, Sheria ya Ardhi inampa notisi ya siku 60 kabla benki haijaigusa. Chombo cha moto hakina siku hizo 60. Siku zako ni zile zilizoandikwa kwenye mkataba wako, nami nimeona mikataba ya siku 7, ya 14, na ya 30. Fungua wako leo, tafuta neno "notisi", kisha ujiulize kama uliwahi kupokea barua, au hata ujumbe wa simu wenye tarehe na kiasi. "Afisa alinipigia akanitukana" siyo notisi.

Pili, anayekuja kuchukua lazima ajulikane ni nani. "Tumetumwa" ni neno la mtoto aliyekuja kuomba chumvi. Dalali ana kitambulisho, ana barua ya mkopeshaji yenye jina lako, namba ya chombo na kiasi kinachodaiwa. Na anapochukua anaandika makabidhiano: kilomita, hali ya matairi, betri, mkwaruzo uko wapi, ndani kuna nini. Unasaini, unabaki na nakala. Tatu, anachukua kwa amani. Kukupiga, kukunyang'anya ufunguo mkononi, kuruka ukuta wa nyumba yako usiku, hayo deni halijayahalalisha, na hapo ndipo polisi wanapohusika, kwa sababu limeshakuwa kosa la jinai. Mkopeshaji akikataliwa kwa amani, mbele ya mashahidi, njia aliyobaki nayo ni mahakama. Kwa hiyo askari waliokuambia hayo ni madai walisema kweli, na ukweli huo unakulinda na wewe pia: kituo cha polisi siyo ofisi ya kukusanya marejesho.

Kuhusu vitu vya ndani nina kisa, na nakisimulia ili nijishtaki mwenyewe. Mwaka 2009, nikiwa Lindi, tulikwenda na dalali kuchukua Noah pale Mnazi Mmoja, njia panda ya Mingoyo. Mwenyewe alikuwa anakula mihogo kibandani. Tulimaliza dakika tano, hakuna fomu, hakuna orodha, nikajiona hodari. Kesho yake asubuhi yule baba amesimama mlangoni kwangu. Hakuuliza gari. Aliuliza kadi ya kliniki ya mtoto, ilikuwa imesukumwa chini ya kiti cha nyuma pamoja na kanga moja ya kijani, na siku ile mtoto alikuwa na chanjo. Mlinzi wa yadi akasema gari lisifunguliwe mpaka ilipwe pesa ya yadi. Nilibishana naye nusu saa kwa ajili ya karatasi ya kadi. Tangu siku hiyo sikuchukua chombo bila fomu, na wenzangu wakaniita mwoga.

Gari ni dhamana, vilivyomo ndani siyo dhamana. Kama kwenye bajaji kulikuwa na jeki, redio, jaketi, leseni yako, vidai kwa maandishi. Hawana haki ya kuvishika hata kama deni lingekuwa milioni mia.

Nikuulize kitu kingine, na unijibu kwa ukweli ukiwa peke yako: siku unachukua mkopo, walikusainisha karatasi ngapi? Kuna mchezo wa siku nyingi, unapewa mkataba wa mkopo na chini yake karatasi ya mauziano iliyoachwa wazi tarehe, au fomu ya kuhamisha umiliki. Mkopaji amechoka, anataka pesa, anasaini zote kwenye mgongo wa faili. Ukichelewa, wanajaza tarehe: kumbe uliuza bajaji, hukukopa. Kama hilo limetokea, usinyamaze nalo kwa aibu. Ushahidi kwamba ulikuwa mkopo unao: jedwali la marejesho, risiti saba, ujumbe wa simu wa kukukumbusha kulipa. Hakuna mtu anayeuza chombo chake halafu akamlipa mnunuzi kila mwezi.

Sasa mauzo. Kushika dhamana hakumfanyi mkopeshaji kuwa mwenye mali. Ameishika ili alipwe deni, basi. Anatakiwa auze kwa uwazi, kwa bei ambayo mtu mwenye akili angeiona ni ya soko, kisha akupe hesabu: imeuzwa kiasi gani, nani kanunua, deni limekula kiasi gani, kimebaki nini. Ikizidi, ziada ni yako. Ikipungua, pengo ni lako. Kwa hesabu yao, milioni 3 na nusu ikiingia utabaki na 527,500. Kwa hesabu yangu, bajaji ya milioni 6 ikiuzwa hata milioni 5 kwa deni halisi la 2,367,500 na gharama chache zenye risiti, wao ndio watakaokuwa na pesa yako mkononi, tena zaidi ya milioni 2. Unaona sasa kwa nini nilisema ugomvi uko kwenye hesabu?

Kwa hiyo wiki hii fanya hivi. Andika barua, siyo kupiga simu. Nakala mbili, uende nazo mwenyewe, moja igongwe muhuri wa kupokelewa na tarehe, ubaki nayo. Dai nakala ya mkataba kama huna, taarifa ya mkopo tangu siku ya kwanza, nakala ya notisi, jina la dalali, fomu ya makabidhiano, na mchanganuo wa ile 1,660,000 kifungu kwa kifungu. Sema wazi kwamba unapinga bajaji kuuzwa kwa milioni 3 na nusu na kwamba uko tayari kukomboa. Sema kiasi ulicho nacho na tarehe. Nikiwa wewe ningeanza na ile 947,000 na gharama za kukamata zenye risiti, nikaomba kurudi kwenye jedwali. Mameneja wengi hukubali wakiona pesa na wakiona nakala ya barua, hasa nakala. Na ukiweza kulipa lote kwa mpigo, omba uondolewe riba ya ile miezi mitatu isiyofika.

Wasipokujibu au wakikujibu kwa kiburi, chukua barua ile yenye muhuri uende Benki Kuu. Mtwara tuna tawi lao, huna haja ya nauli ya Dar. Wao huanza kwa kukuuliza kama ulilalamika kwanza kwa mkopeshaji, na ndiyo maana nimekusumbua na muhuri. Lakini malalamiko Benki Kuu hayasimamishi mnada wa kesho. Ukisikia tarehe ya mnada imetoka, siku hiyohiyo mwone wakili au msaidizi wa kisheria, maana zuio huombwa mahakamani. Huduma ya msaada wa kisheria kwa asiye na uwezo ipo kwa sheria tangu 2017, usione haya kuiulizia kwenye ofisi ya maendeleo ya jamii.

Na umwambie mama watoto nimemsalimu.

Mama, asalaam aleikum. Nipo Mtanda, Lindi. Niliingia mkataba wa bodaboda na tajiri, elfu 10 kwa siku, siku 450, kisha pikipiki iwe yangu. Tulikubaliana kwa mdomo. Nimeshapeleka siku 410. Nikaugua malaria, siku tisa sijapeleka hesabu. Nilipopona nikakuta pikipiki amepewa kijana mwingine. Tajiri anasema mkataba umevunjika na kadi ina jina lake. (Bodaboda, Mtanda)

Waaleikum salaam mwanangu. Hii barua nimeisoma nikaiweka chini, nikaenda kunywa maji.

Siku 410 ni 4,100,000. Zimebaki 400,000. Nani alisema mtu akilala kitandani siku tisa, pesa ya siku 410 inageuka kuwa kodi? Tajiri wako atasema hivyo, jiandae. Atasema ulikuwa dei waka, hukuwa na mkataba, ulikuwa unaleta hesabu ya siku kama wengine. Kwa hiyo kazi yako ni moja: kuonyesha kwamba palikuwa na mwisho. Siku 450 ndilo neno la kung'ang'ania.

Mkataba wa mdomo ni mkataba, Sheria ya Mikataba haikusema lazima wino. Tatizo la mdomo ni ushahidi tu. Umeniandikia mwishoni, kama kitu kisicho na maana, kwamba una daftari ambalo mke wa tajiri alikuwa anasaini kila Jumamosi na kuandika "bado siku 112", "bado siku 105". Mwanangu, hilo daftari lina thamani kuliko pikipiki yenyewe! Mtu anayepokea kodi hahesabu siku zilizobaki. Lipige picha kila ukurasa leo, picha zipeleke kwa ndugu wawili, daftari lenyewe usimkabidhi mtu "akaliangalie". Ongeza na ujumbe wa simu wa zile siku ulizotuma kwa wakala, na mwenyekiti wa kijiwe kama alikuwepo mlipokubaliana.

Benki Kuu haikuhusu hapa, huyu siyo kampuni ya mikopo. Anza kwa mwenyekiti wa mtaa, mwite tajiri mbele yake, umwonyeshe kwamba 400,000 iliyobaki uko tayari kuimaliza. Akikataa, Mahakama ya Mwanzo. Inasikiliza madai ya mikataba yasiyozidi milioni 30, inaendeshwa kwa Kiswahili, na unasimama mwenyewe ukaeleza kama unavyonieleza mimi. Dai pikipiki na kadi, au urudishiwe chako. Usiende kuichukua kijiweni kwa nguvu na wenzako. Najua mnapanga, nimekaa na bodaboda miaka mingi. Mkifanya hivyo, kesho wewe ndiye mshtakiwa na yeye ndiye mlalamikaji.

Na nyie wengine mnaoanza mkataba mwezi huu: karatasi moja inatosha. Siku ngapi, ukiugua inakuwaje, ikiharibika injini nani anatengeneza, na kadi inahamishwa jina lini. Mashahidi wawili, kila upande nakala. Tajiri anayekataa kuandika hayo ameshakujibu.

Dada Mama Rejesho, nilimdhamini shemeji yangu akakopa kwa dhamana ya Fuso. Ameacha kulipa na Fuso ameivusha Daraja la Umoja, ipo Msumbiji. Kampuni inanifuata mimi dukani kwangu. Mimi sikula hata shilingi. (Mwenye duka, Masasi)

Mdogo wangu, ulichosaini kinaitwa udhamini, na mdhamini anadaiwa kama anavyodaiwa mkopaji mwenyewe. Hawalazimiki kusubiri Fuso irudi ndipo waje kwako. Lakini vitu vya dukani kwako hawavigusi kwa maneno tu: kama hukuviweka dhamana kwenye karatasi, wanahitaji hukumu ya mahakama kwanza. Omba nakala ya kile ulichosaini uone ukomo wake. Ukilipa, dai risiti yenye jina lako, kwa sababu mdhamini aliyelipa anavaa viatu vya mkopeshaji na anaweza kumdai shemeji, hata kuidai ile Fuso.

Shemeji mwambie hivi, kwa sauti ya upole: kuficha dhamana ng'ambo ya Ruvuma kunaweza kulitoa jambo kwenye madai likaingia kwenye jinai. Airudishe kabla haijawa barua ya polisi. Harusi ya nani hiyo iliyowaunganisha, jamani.

Mama, mjomba wangu yuko Houston. Anasema gari lake la mkopo lilivutwa usiku mbele ya nyumba akiwa amelala, asubuhi akadhani limeibwa. Hata Marekani wanafanya hivyo? Na sisi tunaweza kutumia sheria zao kujitetea? (Mikindani)

Wanafanya, tena kwa kawaida kabisa. Kule, ukishashindwa kulipa, mkopeshaji anaweza kuchukua gari bila amri ya mahakama, almradi asivunje amani: asitishe mtu, asivunje mlango wa gereji uliofungwa. Gari lililoegeshwa barabarani saa nane za usiku halina wa kubishana naye, ndiyo maana wanapenda saa hiyo. Kabla ya kuuza lazima wampelekee mjomba taarifa, na ziada ikipatikana ni yake, pengo likibaki anadaiwa. Uingereza ni tofauti kidogo: kwa gari la kununua polepole, ukishalipa theluthi moja ya bei hawachukui bila mahakama, sheria yao ya 1974 inasema hivyo.

Kuzitumia hapa, hapana. Nimeshaona watu wanatumiana kwenye WhatsApp vifungu vya nchi za watu na kwenda navyo yadi kwa kujiamini. Sisi nasi tuna sheria yetu ya ununuzi wa kulipa polepole tangu miaka ya 1960, na ndiyo maana swali la kwanza la wakili litakuwa: chombo ulikinunua kwa awamu kutoka kwa mwenye nacho, au ulikuwa nacho ukakiweka dhamana ya mkopo? Majibu ya maswali hayo mawili hayaendi njia moja. Peleka karatasi, usipeleke picha za WhatsApp.

Shikamoo. Mimi mkulima wa korosho, Tandahimba, nina pikipiki ya mkopo, marejesho kila mwezi. Miezi hii sina kitu, pesa yangu ni ya msimu. Nimekosa rejesho moja, bado hawajaja. Nijifiche? (Mkulima)

Marahaba baba. Usijifiche! Wewe ndiye niliyekuwa nakutafuta kwenye barua zote hizi, kwa sababu bado hawajaja. Pikipiki zenyewe siku hizi nyingi zina kifaa cha kufuatilia, utaificha wapi, chini ya mkorosho?

Kesho nenda ofisini kwao kabla hawajakutumia notisi. Chukua karatasi za mauzo ya msimu uliopita kutoka chama chako cha msingi, zinaonyesha kilo ulizopeleka ghalani na pesa iliyoingia benki. Mimi nilipokuwa afisa, mkulima aliyekuja na karatasi hizo kabla ya kukamatwa nilimpangia upya jedwali mara nyingi, na aliyekuja baadaye nilikuwa sina la kumfanyia, faili lilikuwa limeshapanda kwa meneja. Omba ulipe kidogo kidogo miezi hii, hata riba tu, kisha lile kubwa wakati wa msimu. Ombi liwe la maandishi na jibu lao liwe la maandishi, wasikwambie "sawa mzee, tumekuelewa". Anayekuelewa leo akihamishiwa Songea, anayekuja hajakuelewa.

Na ukifika kwenye tarehe ya hilo rejesho kubwa, kuwa mwangalifu. Kila mkulima huandika Oktoba kwa sababu Oktoba minada inaanza. Lakini wewe unajua, nami najua: korosho ziende ghalani, zisubiri mnada, mnunuzi alipe, pesa ipite chama kikuu na chama cha msingi ndipo iingie kwenye akaunti yako. Andika katikati ya Desemba. Ikiingia mapema utawapelekea mapema, watakushangaa.